Kabla ya sindano shingoni, tuulizane juu ya chumvi

Mama wa Kadutu akiona shingo yake inavimba, neno analosikia mapema ni operesheni. Familia inauza mbuzi, inakopa dola, na bado hakuna aliyemuuliza anapikia chumvi gani.

Sisi wakaaji wa Kivu Kusini hatukupaswa kulisahau swali hilo. Kisiwa cha Idjwi, hapa hapa katika ziwa letu, kinajulikana na waganga wa nchi nyingi kwa sababu ya rovu, lile wengi wanaita goita. Katika miaka ya 1960 watafiti kutoka Ubelgiji waliona kwamba iodini ilikuwa haba kisiwani kote, lakini rovu lilijaa kaskazini kuliko kusini-magharibi. Utafiti ulipoendelea, macho yaligeukia muhogo: usipolowekwa vizuri, sumu yake ikishageuzwa mwilini inazuia tezi kushika hata ile iodini kidogo iliyopo. Kilichosaidia watu wengi hakikuwa kisu. Kilikuwa sindano ya mafuta yenye iodini, na baadaye chumvi.

Upungufu wa damu ni vilevile. Mama anayechoka na kusikia kizunguzungu apimwe kwanza hemoglobini, tone moja la kidole, pamoja na malaria na minyoo. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apewe miligramu 30 hadi 60 za feri kila siku, pamoja na asidi foliki. Hizo si dawa za bei kali. (Zile sindano za "vitamini" zinazochomwa mitaani bila kipimo chochote ni biashara nyingine kabisa.)

Hatusemi vipimo vikubwa ni ubaya. Uvimbe mgumu, unaokua haraka au unaobadilisha sauti, usingoje chumvi. Na mwanaume aliyekosa feri, au mtu yeyote anayetoa choo cheusi, lazima atafutiwe mahali damu inapopotelea, hata kama ni kwa kumpitisha mpira wenye kamera tumboni.

Lakini swali la chakula liulizwe mlangoni mwa kituo cha afya. Na wakuu wa afya ya jimbo waende sokoni: chumvi inauzwa katika mifuko wazi, juani na kwenye unyevu, na huko iodini inapotea. Kuipima ni tone moja tu la dawa. Chumvi yenye iodini inageuka rangi ya buluu papo hapo, mbele ya muuzaji na mnunuzi.