Bendera Ilipoogopwa na Walinzi Wake

Mtu aliyekabidhiwa sanaa ya umma hana ruhusa ya kumtwika rafiki wajibu wake. Tunalisema hili tukiwa na kisa kimoja mbele yetu, cha mchoraji Jasper Johns na bendera ya Marekani.

Johns alizaliwa Georgia mwaka 1930, akakulia South Carolina. Baba yake alimwambia kuwa jina lao linatokana na Sajini William Jasper, askari wa vita vya uhuru aliyeiinua tena bendera ya ngome baada ya kuangushwa na mizinga ya Waingereza. Kijana naye akapita jeshini. Mwaka 1954, akiwa New York, aliota anachora bendera kubwa ya nchi yake. Kulipokucha akaenda kutafuta vifaa.

Isogelee kazi hiyo. Kwa mbali ni bendera tu, yenye nyota 48 za wakati ule. Ukifika karibu unaona rangi iliyochanganywa na nta ya moto, ikaganda kabla haijamaliza kutiririka, na chini yake vipande vya magazeti ambavyo maandishi yake yanachungulia kati ya milia. Hapo mtazamaji hujiuliza: hii ni bendera, au ni picha ya bendera? Mchezo huo Johns hakuuacha. Mwaka 1955 aliichora nyeupe tupu. Mwaka 1958 alipandanisha bendera tatu, kila moja ndogo kuliko iliyo nyuma yake. Mwaka 1965 alichora moja ya kijani, nyeusi na rangi ya chungwa. Ikodolee macho nukta yake ya katikati, kisha shusha macho kwenye bendera ya kijivu iliyo chini, na ile nyekundu, nyeupe na buluu itajitokeza ndani ya jicho lako mwenyewe. Hatuoni dharau hapo. Mtu anayeipaka alama ya nchi yake kidogo kidogo, nyota kwa nyota, ameitazama kuliko wengi wanaoipigia saluti kwa mazoea.

Januari 1958 Johns alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, katika ukumbi wa Leo Castelli. Alfred Barr, msimamizi wa makusanyo ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, alifika na kuchagua kazi tatu za kununua papo hapo. Bendera aliitaka pia. Jicho lake halikukosea. Lakini ndani ya jumba ikaingia hofu kwamba wazalendo wangechukizwa. Basi Barr akamwomba Philip Johnson, msanifu majengo na mdhamini wa jumba hilo, ainunue kwa fedha zake. Johnson akainunua. Jumba liliipokea kama zawadi mwaka 1973, miaka 15 baadaye.

Hofu ile haikutoka hewani. Katika mwaka ule ule Johns alipoota ndoto yake, Seneta McCarthy alikuwa bado anawasaka wakomunisti, na Bunge la Marekani liliongeza jina la Mungu katika kiapo cha utii kwa bendera. Hata hivyo, jumba lenye wadhamini matajiri, wanasheria na sauti mjini liliwekwa kwa ajili ya siku kama hizo. Bendera hufuata upepo, wahenga walisema. Safari hii bendera ilitulia, waliopeperuka ni walinzi wake.

Mzigo waliouepa walikuja kuubeba wadogo. Desemba 1966 Stephen Radich, mwenye ukumbi mdogo wa sanaa katika mji huo huo, alionyesha vinyago vya Marc Morrel vilivyotengenezwa kwa bendera. Mwaka uliofuata alitiwa hatiani kwa kuidhalilisha bendera, akatakiwa kulipa faini ya dola 500 au kukaa jela siku 60. Alipanda ngazi za mahakama hadi Mahakama Kuu ya nchi, ambako mwaka 1971 majaji waligawanyika nusu kwa nusu na hukumu ikabaki. Alisafishwa mwaka 1974 tu, wakati picha ya Johns ilikwisha kuwa mali ya jumba kubwa.

Kwenye kumbukumbu za jumba, bendera hiyo imeandikwa kuwa ni zawadi ya Philip Johnson kwa heshima ya Alfred Barr. Maneno hayo ni ya kweli, ila yanamshukuru mtoaji bila kueleza kwa nini umma ulihitaji kupewa kitu ambacho wakala wake alikuwa amekichagua tangu mwaka 1958. Tunawataka wenye jumba waongeze sentensi hiyo inayokosekana, waibandike ukutani kando ya picha, kwa herufi ambazo mgeni anaweza kuzisoma bila kuinama. Na wadhamini wanaokaa leo kujadili kazi itakayomkera mkubwa fulani waitie saini zao wenyewe, wainunue kwa jina la taasisi, na waitundike mwaka huu.