Dalali Si Mwenye Shamba

SAFU YA BWANA SHAMBA

Mwezi huu hatuzungumzi habari za mbegu wala mbolea. Tunazungumza habari za shamba lenyewe. Mbegu ukiikosa mwaka huu, utaipata mwakani. Lakini shamba likipotea, watoto wako watalima wapi?

Siku hizi mashamba yanauzwa na kununuliwa katika vijiji vingi vya Tanzania. Kati ya muuzaji na mnunuzi husimama mtu wa tatu. Mtu huyo ni dalali. Leo tujifunze namna ya kufanya kazi na dalali bila kupoteza mali yetu.

DALALI NI NANI?

Dalali ni mtu anayekutanisha watu. Anamjua anayetaka kuuza, na anamjua anayetaka kununua. Anawaleta pamoja, nao wakikubaliana, yeye hupata ujira wake. Kazi hiyo si mbaya. Mgeni hawezi kujua ni nani anauza shamba katika kijiji chenu. Dalali anajua.

Lakini yakumbuke mambo mawili. Jambo la kwanza, dalali hana shamba. Shamba lina mwenyewe. Jambo la pili, dalali hulipwa biashara ikimalizika. Isipomalizika, hapati kitu. Kwa hiyo dalali ana haraka. Wewe usiwe na haraka. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

YALIYOTOKEA KIJIJINI

Nitakueleza jambo nililoliona katika kijiji kimoja ninachohudumia. Majina nayaacha.

Mama mmoja mjane alikuwa na shamba. Mwanawe alivunjika mguu, na fedha za matibabu zilihitajika upesi. Mama akaamua kuuza sehemu ya shamba lake. Akamwambia dalali, "Nataka shilingi 1,500,000."

Dalali akapata mnunuzi, kijana kutoka kijiji cha pili. Akamwambia, "Shamba ni ekari 2. Bei ni shilingi 2,400,000." Kijana alikuwa ameweka akiba kwa miaka mingi. Akakubali.

Dalali akapima shamba kwa miguu yake. Hatua 140 kwa urefu, hatua 70 kwa upana. Akasema, "Ekari 2 hizo, kamili." Siku ile mimi nilipita pale na pikipiki. Niliwaona wakipima kwa miguu. Nikawasalimu, nikaenda zangu. Sikuuliza kitu. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Kijana alimpa dalali fedha zote mkononi. Dalali akampelekea mama shilingi 1,500,000. Halafu akamdai asilimia 10 ya ujira, yaani shilingi 150,000. Mama akatoa. Muuzaji na mnunuzi hawakukaa pamoja hata mara moja kuzungumza bei.

Hebu tupige hesabu. Mnunuzi alitoa shilingi 2,400,000. Mama alibaki na shilingi 1,350,000. Dalali alipata shilingi 1,050,000. Fedha anazoziongeza dalali juu ya bei ya mwenye mali, watu huziita "cha juu". Cha juu cha siku ile kilikuwa shilingi 900,000. Fedha hizo zingemtibu mtoto, na nyingine zingebaki.

Msimu wa kulima ulipofika, kijana alinunua mbegu za ekari 2. Mbegu zikabaki nyingi. Akaniita nipime. Nilipima kwa kamba nikapata mita 96 kwa mita 48. Hiyo ni ekari moja na kipande kidogo tu.

Kijana akamwendea mama kwa hasira. Mama akalia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikuuza ekari 2. Mimi niliuza lile shamba lililoko pale. Habari ya ekari 2 sikuisema mimi." Na mama alisema kweli. Maneno ya ekari 2 yalikuwa ya dalali. Dalali mwenyewe tukampigia simu, simu haikupatikana.

Basi watu wawili wasio na kosa wakawa maadui. Ilibidi waende kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza liliwasuluhisha. Mama alikubali kumwazima kijana kipande kingine cha shamba alime kwa misimu mitatu. Kwa hiyo mama alipoteza mara mbili. Kijana naye hakupata ekari aliyoilipia.

Tujifunze nini?

UKIWA MUUZAJI

Kwanza, zungumza na watu wa nyumbani kwako. Shamba la familia si la mtu mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema kuwa mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia sawa na mwanamume. Kama shamba ni la marehemu, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mtoto mkubwa asiuze kwa sababu tu ni mkubwa.

Pili, patana ujira wa dalali kabla hajaanza kazi. Mwulize, "Utataka kiasi gani? Nani atalipa, mimi au mnunuzi?" Yaandikeni mliyokubaliana. Kama hujui kuandika vizuri, mwombe mtu unayemwamini akuandikie, kisha akusomee mbele ya shahidi.

Tatu, taja bei yako wewe mwenyewe mbele ya mnunuzi. Mwambie dalali, "Mlete mnunuzi nyumbani kwangu tukae wote watatu." Dalali mwema atakubali. Dalali anayekataa watu wasionane, jua ana cha juu anachokificha.

Nne, usimwachie dalali hati yako. Wala usiweke sahihi au dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa yote.

UKIWA MNUNUZI

Usinunue maneno. Nenda shambani kwa miguu yako. Ukiweza, nenda mara mbili, wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Bonde linalopendeza mwezi wa nane linaweza kuwa ziwa mwezi wa nne.

Kisha zungumza na majirani wa pande zote nne. Waulize, "Shamba hili ni la nani? Mpaka uko wapi? Kuna ugomvi?" Waulize na wazee. Miaka ya 1974 hadi 1976 watu wengi walihamia katika vijiji vipya. Kwa hiyo shamba moja linaweza kuwa na historia ndefu, na wazee ndio wanaoijua. Kuuliza si ujinga.

Angalia pia kama shamba liko kando ya mto au ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Madalali wengine husifu sana mashamba ya kando ya mto. Ukijenga pale, utabomolewa.

Baada ya hayo, nenda ofisi ya kijiji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Halmashauri ya Kijiji ni lazima ijulishwe na ikubali kabla ardhi haijahama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Jambo hili si geni. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kuwa mauzo ya ardhi ya kijiji bila kibali cha Halmashauri ya Kijiji hayana nguvu. Kwa hiyo unaweza kulipa fedha zako zote, ukawa na karatasi na mashahidi, na bado usiwe na shamba.

Ofisini, uliza kama mwenye shamba ana Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kama anayo, omba iangaliwe katika Masjala ya Ardhi ya Kijiji. Jina lililo katika hati liwe la mtu yule anayekuuzia. Ukitozwa fedha yoyote ofisini, dai stakabadhi.

PIMA KWA KAMBA

Hapa ndipo wengi wanapopunjwa. Watu husema ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Maneno hayo yalitokana na yadi. Yadi moja ni karibu sentimita 91. Hatua ya kawaida ya mtu haifiki hapo. Kwa watu wengi ni kama sentimita 70 tu.

Ukipiga hatua 70 za namna hiyo, unapata mita 49. Mita 49 mara mita 49 ni mita za mraba 2,401. Lakini ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa hiyo "ekari" ya miguu inakaribia nusu ekari kuliko ekari nzima.

Fanya hivi. Tafuta kamba isiyovutika. Ipime mita 20 kwa futi ya fundi. Funga fundo kila mita moja. Watu wawili waishike, mmoja huku na mmoja kule, na mtu wa tatu aandike. Pimeni urefu, kisha upana. Zidisha urefu kwa upana. Jibu ligawe kwa 4,047. Utapata ekari.

Kama shamba ni la mraba, ekari moja ni karibu mita 64 kila upande. Yaani kamba tatu na mita nne. Kama shamba lina kona nyingi, ligawe vipande, upime kila kipande peke yake, kisha ujumlishe. Ukishindwa, mwite bwana shamba au bibi shamba wako. Ndiyo kazi yetu. Mimi tangu siku ile, nikiona watu wanapima shamba kwa miguu, nasimama.

SIKU YA KULIPA

Fedha zipite kutoka mkono wa mnunuzi kwenda mkono wa mwenye shamba, mbele ya mashahidi. Zisipite kwa dalali. Kama mnalipa kwa simu au benki, hakikisheni jina linalotokea ni la mwenye shamba. Usitume hata "kishika uchumba" kwa simu ya dalali kwa sababu amesema wanunuzi wengine wako njiani.

Andikeni mkataba. Mkataba uwe na mambo haya:

1. Majina kamili ya muuzaji na mnunuzi.
2. Mahali shamba lilipo, na majirani wa pande zote nne.
3. Urefu na upana kwa mita, na miti au mawe ya mpaka.
4. Bei kwa tarakimu na kwa maneno.
5. Fedha zilizolipwa, na zilizobaki kama zipo.
6. Ridhaa ya mume au mke.
7. Sahihi za mashahidi wa pande zote mbili.
8. Tarehe, na uthibitisho wa Halmashauri ya Kijiji.

Muuzaji awe na nakala, mnunuzi awe na nakala, na nyingine ibaki ofisi ya kijiji. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Dalali naye alipwe ujira wake mliopatana, hadharani, mkataba ukishawekwa sahihi. Asidhulumiwe. Mtu aliyefanya kazi kwa uaminifu anastahili jasho lake. Aandike kuwa amepokea.

UGOMVI UKITOKEA

Msishikiane mapanga. Nendeni kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina wajumbe saba, na kati yao watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Mkishindwa kupatana hapo, zipo ngazi nyingine za sheria. Lakini ugomvi ulio bora ni ule uliozuiwa kwa kamba na kalamu.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Zamani mtu aliweza kukuambia karatasi inasema hivi, nawe ukaamini. Leo mwambie dalali, "Lete niisome mwenyewe." Hata kama unasoma polepole, soma mpaka mwisho. Atangoja. Shamba haliendi popote.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kazi ya dalali ni nini? Kwa nini huwa ana haraka?
2. Mama mjane angefanya nini ili asipunjwe?
3. Katika kijiji chenu, wanaoyajua mashamba ya zamani ni akina nani?
4. Shamba lina urefu wa mita 90 na upana wa mita 45. Je, linafika ekari moja?
5. Tengenezeni kamba ya mita 20, mkapime shamba la mwenzenu mmoja.