Jiwe la Kaburi Lisigeuzwe Kifusi

Msafiri atokaye Mombasa, akishafika Athi River na kushika mkono wa kushoto njia ya Namanga, hakawii kuingia Kitengela, mji wa maduka, magorofa na ploti za kuuzwa. Akiendelea mbele atafika Kajiado, ambako ardhini huchimbwa marumaru, jiwe ambalo watu wa mijini hulitaka kwa sakafu zao na, wakifa, kwa makaburi yao. Ajabu ni kwamba wenyeji wa nchi hiyo, Wamasai, hapo kale hawakuwa na desturi ya kuchonga mawe ya makaburi.

Kwa mila yao ya zamani maiti wengi hawakuzikwa kabisa. Aliyezikwa ni laiboni, au mzee mwenye heshima na mali. Alilazwa katika shimo fupi, akafunikwa mawe, na kila apitaye huongeza jiwe lake. Chungu hicho hukua kadiri miaka inavyopita. Hakina jina wala tarehe. Wenye kulijua jina ni wazee wa pale.

Mnara wa kaburi unaojulikana sana huko Kajiado ni wa mgeni. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa mwindaji, alikufa Voi, huku kwetu Pwani, ndege yake ilipoanguka mwezi wa Mei 1931. Alizikwa katika vilima vya Ngong, na nduguye akamsimamishia mnara wa jiwe. Watalii huupanda mlima kwenda kuutazama. Lakini nani apandaye kutafuta chungu cha laiboni?

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya ardhi. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake, na vipande vingi vimekwisha kuuzwa kwa watu wa mbali. Mnunuzi hana habari ya aliyelala pale. Kwa dereva wa tingatinga, chungu cha mawe ni kifusi tu, tena kifusi kifaacho kujengea msingi.

Wasomaji wetu wa Pwani wasidhani haya hayawahusu. Ni kweli sisi tulichonga. Kaburi la Gede lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Makaburi ya nguzo yako Malindi. La Mambrui lilipambwa kwa bakuli za Kichina. Na lile la Takwa, la karne ya 17, watu wa Shela bado hulizuru kuomba mvua. Hayo yana sifa, na Gede imetiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Tunayoyahofia ni yale yasiyo na sifa, yaliyo nyuma ya nyumba na katika mashamba ya minazi, ambayo mashahidi yake yameinama na chokaa imebanduka. Hayo nayo yamo katika ploti.

Wako watakaotujibu kwamba dini yetu haitaki makaburi ya fahari. Ni sawa. Katika Sahihi ya Muslim, Jabir amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kaburi kutiwa chokaa na kujengewa. Lakini hadithi hiyo hiyo imekataza pia kulikalia kaburi, na sehemu hii wengi huisahau. Tena Abu Dawud amepokea kwamba Mtume mwenyewe aliweka jiwe kichwani pa kaburi la Uthman bin Madh'un, apate kulitambua. Basi jiwe la kutambulisha lina asili yake, na kulinda lililokwisha kuwekwa si kujenga jipya.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamwezesha waziri kutangaza mahali kuwa pa kuhifadhiwa. Hiyo ni njia ya Gede. Chungu cha mawe cha Kitengela hakitangojea Gazeti la Serikali. Twaonelea kwamba kabla ya mpimaji kupigilia vigingi vyake, iwe Kajiado au Kilifi, wazee wa mahali waitwe waonyeshe makaburi yalipo, nayo yatiwe katika ramani pamoja na njia ya kuyafikia. Kamati za misikiti zinaweza kuanza wiki hii, kwa daftari na kalamu, kuandika majina yaliyo katika mashahidi maadamu bado yanasomeka, na yale yasiyoandikwa maadamu wapo wanaoyakumbuka.