Kijana wa teknolojia, usikubali kazi ambayo haijawa tayari

IWAPO unaunda programu za simu au kompyuta, bila shaka umewahi kukutana na kadi ya maneno manne tu: “Weka malipo ya M-Pesa.” Imebandikwa kwenye ubao wa Trello au Jira, jina lako limewekwa chini yake, na mdosi keshasema anataka kuona kitu Ijumaa.

Swali langu kwako ni moja. Je, kazi hiyo iko tayari kuanzwa?

Siulizi kama wewe uko tayari. Wewe umesoma, laptopu unayo, bando unalo, na usiku hulali. Nauliza kuhusu kazi yenyewe.

Hebu tuifungue kadi hiyo pamoja. Pesa zitaingia kwa Paybill au kwa Till? Nambari hiyo imeshafunguliwa, na kwa jina la nani? Ni nani mwenye idhini ya kuomba funguo za kuunganisha mfumo wenu na Daraja, jukwaa ambalo Safaricom huwapa wasanidi programu? Majibu ya malipo yatatumwa kwa anwani gani, ikizingatiwa kwamba lazima ifikike kwenye intaneti na si kwenye laptopu yako iliyo mezani?

Bado hatujamaliza. Mteja akikosea PIN, akikosa salio au akiupuuza ujumbe uliojitokeza kwenye simu yake, skrini itamwambia nini? Jibu likichelewa, atahesabiwa amelipa au hajalipa? Akilipa mara mbili, nani atamrudishia hela zake, na kwa utaratibu gani?

Maswali mengi kati ya hayo hayajibiwi na anayeandika msimbo. Yanajibiwa na mwenye biashara, mhasibu na anayepokea simu za wateja. Ukianza kabla hawajayajibu, utafanya mojawapo ya mambo mawili: utabahatisha, au utasimama katikati ya njia.

Kubahatisha ndiko hatari zaidi kwa sababu kunafanana sana na maendeleo. Daraja ina mazingira ya majaribio. Ukitumia nambari za majaribio mambo yataitika vizuri, utawaonyesha wenzako na watapiga makofi. Siku ya kuhamia pesa halisi ndipo itakapojulikana kwamba mwenye duka hajawahi hata kuomba Paybill. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Na lawama zitamwangukia nani? Ni wewe. Ubao unaonyesha kadi yako iko kwenye safu ya “Inaendelea” kwa wiki mbili, na juu yake pana jina lako. Hauonyeshi kwamba siku nane kati ya hizo ulikuwa ukingoja barua pepe ijibiwe. Mkubwa akitazama anaona kijana mzembe.

Kwa aliyeajiriwa, hayo humharibia jina. Kwa anayelipwa kazi ikikamilika, ni njaa. Mwenye nyumba hajui habari za funguo wala Paybill. Tarehe tano ikifika anataka kodi yake. Kila siku unayongoja jibu la mtu mwingine ni siku uliyofanya kazi bure, na haimo kwenye daftari lolote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muda wako ni mali.

Tatizo hili limejificha ndani ya zana tunazotumia. Ubao wa kawaida wa programu za kusimamia miradi huja na safu tatu: kazi za kufanya, zinazoendelea, na zilizokamilika. Kwenye safu ya kwanza hutupwa kila kitu. Wazo alilolipata mdosi akiwa kwenye matatu limekaa bega kwa bega na kazi iliyofikiriwa kwa wiki tatu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Mambo hayakuanza hivyo. Kadi hizi zina asili yake katika viwanda vya magari vya Toyota kule Japani, ambako Taiichi Ohno na wenzake walizitumia kuongoza kazi. Kadi yenyewe waliiita kanban. Ilieleza kipuri gani kinatakiwa, kiasi gani, na kipelekwe wapi. Aliyeipokea hakuhitaji kubahatisha. Sisi tumeichukua kadi tukaacha habari zilizokuwa juu yake.

Dawa yake si ghali. Ongeza safu moja kati ya “Mawazo” na “Inaendelea”, uiite “Tayari”. Kwenye Trello ni suala la kuongeza orodha moja. Jira inakuruhusu kuunda hatua zako mwenyewe, na hata kuweka masharti ya kadi kuvuka kutoka hatua moja hadi nyingine. GitHub Projects ina kiolezo ambacho tayari kina safu ya aina hiyo. Kwa hivyo zana zipo, kilichokosekana ni mazoea.

Kisha mkubaliane, kama kikosi, ni mambo gani yatakayoifanya kadi istahili kuingia humo. Mimi ningependekeza matano. Tunajua kazi hii ni ya nani na itamsaidia vipi. Tunajua tutaitambuaje ikikamilika. Ruhusa, funguo na nambari zote zipo mkononi. Yuko mtu mmoja, mwenye jina, atakayejibu swali likizuka. Na kazi ni ndogo kiasi cha kumalizika ndani ya wiki moja au mbili.

Jambo moja kati ya hayo likikosekana, kadi haivuki. Lakini usiiache hivi hivi tu. Andika juu yake inachongoja, anayengojwa, na tarehe uliyouliza. “Inangoja Paybill. Mwenye jibu: meneja wa duka. Imeulizwa tarehe tatu.” Sentensi hizo tatu zitakutetea kwenye mkutano kuliko maelezo ya nusu saa.

Ukigundua katikati ya kazi kwamba kuna jambo limekosekana, irudishe kadi nyuma. Usiiache iozee kwenye “Inaendelea” ili uonekane uko bize. Baada ya miezi miwili mtakuwa na rekodi ya kweli: kazi zenu hukwama wapi, na kwa sababu ya nani au nini.

Kuna na upande wa sheria. Chukua kadi nyingine inayosema “Tengeneza fomu ya kusajili wateja.” Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Kabla ya kuomba nambari ya kitambulisho cha mtu, sharti mjue mnaihitaji kwa nini, mtamweleza vipi, na mtaihifadhi wapi na kwa muda gani. Hayo si maswali ya kuulizwa baada ya watu elfu moja kujaza fomu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema huku ni kurudi enzi za makaratasi, wakati kila jambo lilipangwa mwanzo hadi mwisho kabla ya mstari mmoja kuandikwa. Watanikumbusha kwamba 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani, wakakubaliana kwamba kuitikia mabadiliko kuna thamani zaidi kuliko kufuata mpango.

Wana hoja, na hatari wanayoiogopa ipo. Safu ya “Tayari” inaweza kugeuzwa ukuta wa kujifichia, kila mtu akisema “haijawa tayari” hadi mwaka uishe. Masharti yakifika 20, hakuna kitakachopita.

Lakini kuwa tayari si kujua kila kitu. Ni kujua kiasi cha kutosha kuanza na kumaliza. Hata mwongozo wa Scrum wa 2020, ambao wengi wa wapinzani hao wanaufuata, unasema kazi inayoweza kukamilishwa na kikosi ndani ya kipindi kimoja ndiyo huhesabiwa kuwa tayari kuchaguliwa. Na pale ambapo huwezi kujua bila kujaribu, fungua kadi ya uchunguzi: siku mbili, swali moja, kisha mrudi mezani na jibu. Hiyo nayo ni kazi halali.

Tena tusijidanganye kuhusu mazingira yetu. Katika ofisi nyingi hapa Kenya, kijana aliyeingia juzi akiuliza maswali mengi huambiwa anajifanya mjuaji, au hajui kazi. Basi ananyamaza, anaitikia “sawa bosi”, na kwenda kubahatisha. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini anayeuliza naye huonekana mkaidi.

Hapo ndipo naona faida kubwa ya safu hii. Inauliza kwa niaba yako. Si wewe unayemwambia meneja kwamba hajafikiria. Ni ubao unaosema kadi imekosa mambo mawili. Kikosi kizima kilikubaliana, na masharti ni yale yale kwa kadi ya mdosi na kadi ya mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya miezi mitatu.

Wewe unayefanya kazi peke yako, usidhani haya hayakuhusu. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kuchukua vipimo, hata mteja awe na haraka ya harusi. Kabla ya kupokea malipo ya kwanza, mpe mteja orodha yako ya vitu unavyohitaji, na mwandikiane kwamba siku za kazi zitaanza kuhesabiwa siku atakayovileta vyote. Mteja wa kweli hatakasirika. Atakayekasirika amekuonyesha mapema jinsi atakavyokulipa.

Nanyi mnaofundisha vijana kuandika programu, vyuoni na kwenye kozi fupi, wafundisheni pia kuisoma kadi na kuikataa kwa heshima. Lugha za kompyuta hubadilika kila baada ya miaka michache. Ujuzi wa kuuliza “tunajua nini kuhusu kazi hii?” hautapitwa na wakati.

Kwa hivyo Jumatatu ukifungua ubao wenu, usikimbilie kuburuta kadi iliyo juu. Isome. Ikiwa ina maneno manne tu, andika chini yake maswali yako, mtaje mwenye majibu, uweke tarehe. Halafu chukua kazi nyingine, ambayo unaweza kuimaliza.