Amri Tumepewa, Sababu Hatukupewa

Mwaka jana nilikaa matanga ya mtoto wa miezi minane. Mama yake, msichana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, maziwa yamelowesha kifua cha gauni lake. Mwili ulikuwa bado haujui kwamba mnyonyaji hayupo tena. Watu waliingia mmoja mmoja kumpa pole, na karibu kila aliyeingia alikuwa amebeba sababu. Wa kwanza alisema Mungu alihitaji ua katika bustani yake. Wa pili akasema pengine mtoto angekua akawa mhalifu, basi Mungu amemwepusha na aibu. Wa tatu, tena mzee wa kanisa, alimwambia ayachunguze maisha yake aone ni wapi alipokosea. Yule mama akavuta kanga akajifunika uso.

Ubavuni mwake alikaa bibi mmoja, jirani, ambaye sikumsikia akisema neno ila "pole mwanangu". Alichemsha maji, akamkanda matiti kwa kitambaa cha moto, akamshikia kikombe cha uji mpaka akakimaliza. Usiku alilala pale pale mkekani. Siku tatu.

Ndugu msomaji, nakuuliza: kati ya hao wote, ni nani aliyemwamini Mungu? Wengi watawataja wale waliokuwa na majibu, maana walimtetea Mungu mbele ya mfiwa. Mimi nasema ni yule bibi. Tumezoea kudhani kwamba imani ni kuzijua sababu za Mungu, na kwamba mkristo asiyeweza kueleza kwa nini jambo limempata imani yake ni haba. Lakini aliyekwisha kupewa sababu anahitaji imani ya nini? Mtu akikuonyesha hesabu yote, shilingi kwa shilingi, hujamwamini, umehakikisha tu.

Fungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 22. Ibrahimu anaambiwa amchukue nani, aelekee nchi gani, na akafanye nini huko. Kwa nini, haambiwi. Sura ile imeandikwa kwa namna ya ajabu: yaliyokuwa moyoni mwa mzee yule haiyagusi, lakini inatuambia kwamba aliamka alfajiri, akatandika punda, akapasua kuni, akatembea hadi siku ya tatu. Siku tatu njiani na mwanao, moto na kisu mkononi, na hujui. Nani aliyezaa asitetemeke akiisoma habari hiyo?

Ila tusimfanye Ibrahimu kuwa mtu wa kuitikia tu, asiye na kinywa. Sura nne kabla ya hapo alisimama mbele ya Mungu akiitetea Sodoma, akashusha idadi kutoka watu wema 50 mpaka 10 kama mtu anayepatana bei sokoni, wala Mungu hakumkemea. Tena sauti iliyomwagiza amtoe Isaka mwanawe kuwa sadaka haikuwa sauti ya mgeni. Alikuwa ameifuata tangu alipoiacha Harani akiwa na miaka 75, na Isaka alizaliwa yeye akiwa na miaka 100, wakati ambapo kila mtu aliyemfahamu Sara mkewe alikuwa ameshakata tamaa. Sababu hakuijua, lakini aliyekuwa akisema naye alimjua vizuri sana. Huko ndiko kuamini, na wala hakufanani na kufumba macho.

Ayubu naye? Sisi wasomaji tunayajua yaliyosemwa mbinguni katika sura mbili za mwanzo. Ayubu hakuyajua, na hadi mwisho wa kitabu hakuambiwa kamwe. Aliuliza, akalia, akadai shauri lake lisikilizwe. Mungu alipojibu, kuanzia sura ya 38, alimjibu kwa maswali: misingi ya dunia, mvua inayonyesha jangwani pasipokuwa na mtu, mbuni anayeyaacha mayai yake mchangani. Juu ya wanawe waliokufa, hata neno moja. Na sasa tazama sura ya 42, maana hapo ndipo wengi wetu hatupendi kukaa. Mungu anawakasirikia rafiki watatu, wale waliokuja na sababu zilizonyooka, waliomtetea yeye Mungu kwa ufasaha. Ayubu aliyelalamika ndiye aliyesema sawasawa, naye ndiye aliyetakiwa kuwaombea wao. Kila ninapokumbuka kanga ile iliyofunika uso, naiwaza hasira hiyo ya Mungu, nami naogopa.

Hapa kwetu pwani tunayo habari inayofundisha jambo hilo hilo, nayo ina kaburi lake. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Walikuwa wametoka Uhabeshi, na huko walikuwa wamekwisha kumzika mtoto wa kike aliyezaliwa njiani, nyikani, kabla ya wakati wake. Walimbatiza Eneba, neno ambalo kwa Kiamhari ni chozi. Mwezi Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja wa mji ule, na kitabu alichoanza nacho kilikuwa Mwanzo, chenye habari za Ibrahimu. Julai, Rosine akajifungua mtoto mwingine wa kike. Homa ikawashika wazazi wote wawili. Rosine akafa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Mume naye alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo.

Kabla ya kufa mama huyo aliomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, penye njia ya watu, ili wapitao walione kaburi na kukumbuka ni jambo gani lililowaleta wageni wale. Kaburi hilo liko upande wa Nyali mpaka leo. Sisemi kwamba kila mmisionari aliyekuja kwetu alitutendea mema. Wapo waliotudharau, na historia inawataja. Nasema tu kwamba mtu aliyezika mke na watoto wawili katika kipindi kifupi namna ile, tena bila kuelezwa lolote, aliirudia kalamu yake.

Alipata nini? Kwa macho ya kibinadamu, karibu na bure. Mwenzake Johannes Rebmann alifika 1846, wakaanza kazi Rabai, na ilipita miaka kabla ya mtu wa kwanza kubatizwa, mlemavu mmoja aitwaye Mringe, tena akiwa katika kufa. Rebmann alikaa miaka 29 asirudi Ulaya hata mara moja, na aliporudi mwaka 1875 alikuwa kipofu. Mwaka uliofuata akafa. Krapf alifariki Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata. Hakuishika mkononi.

Najua mhubiri atataka kunikatiza hapa. Atasema: lakini tazama matunda! Na ni kweli, matunda yapo. Kuanzia 1864 walikuja Rabai Waafrika waliokuwa wametekwa utotoni, wakauzwa, wakaokolewa baharini, wakapelekwa India wakasomeshwa Nashik, kisha wakarudi huku wakiwa walimu na mafundi. Miaka kumi na kitu baadaye kikaanzishwa kijiji cha watumwa walioachwa huru, Freretown, na kengele yao bado imesimama njiani, makondakta wa matatu huita "Kengeleni! Kengeleni!" bila kukumbuka ni kengele ya nani. Kanisa la pwani lilijengwa zaidi kwa mikono ya watu hao kuliko kwa mikono ya Krapf.

Je, sasa niseme Mungu alimwacha Rosine afe ili hayo yatokee? Niseme aliwaacha watoto wale watekwe na kufungwa minyororo ili Rabai ipate walimu? Siwezi. Nikisema hivyo nitakuwa nimekwenda kuketi na rafiki za Ayubu. Utekaji ulikuwa dhambi ya watu, na homa ilikuwa homa. Kwamba Mungu alilitoa jema katikati ya hayo, naamini kwa moyo wangu wote. Ila jema lililokuja baadaye si stakabadhi ya machozi yaliyotangulia, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuiandika stakabadhi hiyo kwa niaba ya Mungu. Kumbukumbu la Torati, mwisho wa sura ya 29, linayagawa mambo kwa uwazi: ya siri ni yake, yaliyofunuliwa ni yetu ili tuyatende. Sisi tumeugeuza mgawo huo. Tunayapapasa yaliyo yake, na yaliyo yetu tumeyaweka darini.

Lakini msomaji makini atanizuia, na ana haki. Atasema mafundisho ya kutii bila kuelewa yameua watu. Rabai iko katika kaunti ya Kilifi. Katika kaunti hiyo hiyo, kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, mingi ikiwa na dalili za njaa, na watoto wakiwa miongoni mwao. Inadaiwa watu waliambiwa wafunge hadi kufa wakamwone Yesu. Shauri liko mahakamani, nami sitaitangulia hukumu. Bali swali halingoji mahakama: tofauti iko wapi kati ya Ibrahimu na mzazi aliyemnyima mwanawe chakula msituni?

Tofauti ni kubwa kama mlima. Kule Moriya, alikokwenda Ibrahimu na mwanawe, Mungu ndiye aliyeuzuia mkono, akampa kondoo dume. Baadaye nabii Yeremia alitamka kwa kinywa cha Mungu kwamba kuwatoa watoto wafe ni jambo ambalo halikuingia moyoni mwake. Limekwisha kufunuliwa, limetoka katika fungu la siri likaingia katika fungu letu. Basi mtu akija leo na amri ya kumwua mtoto, tusiseme "hatuelewi sababu za Mungu". Tunaelewa kabisa kwamba si amri ya Mungu. Maandiko yenyewe yanatuagiza tuzipime roho, tumkatae nabii hata akifanya ishara, iwapo anatupeleka mbali na Bwana tuliyemjua. Mungu ana haki ya kutoniambia sababu zake kwa kuwa ni Mungu. Mhubiri hana haki hiyo. Mhubiri akikuambia usiulize, uliza mara mbili. Akikasirika, chukua watoto wako utoke.

Nimekaa sana hapo kwa sababu damu ni nyingi. Lakini kwa wengi wetu hatari iko upande mwingine. Hatujaombwa kumpeleka Isaka mlimani, na hata hivyo tunasema, "Nikielewa, nitatii." Tusidanganyane. Amri zinazotulemea si zile za giza. Mlipe msichana wako wa kazi mshahara wake mwezi unapokwisha. Mwachie ndugu yako neno la shamba lile. Usitoe hongo hata kama faili litakaa. Rudi kwa mke wako. Katika hizo ni ipi isiyoeleweka? Naamani wa Shamu, alipoagizwa aoge mtoni apone ukoma wake, alikasirika kwa sababu agizo lilikuwa jepesi mno na mto wenyewe hakuupenda. Watumishi wake ndio waliomwambia kwamba angaliagizwa jambo kubwa angalilitenda. Sisi nasi tungependa Mungu atupe fumbo zito la kulitafakari, kuliko deni dogo la kulilipa.

Mtazame Simoni Petro katika Luka sura ya 5. Muulize mvuvi yeyote wa dagaa wa Ukerewe, atakuambia kazi ni usiku, giza limeshika na taa zimewashwa. Petro na wenzake walikuwa wamekesha bila kitu, wanaosha nyavu, jua limetoka, na anayewaambia washushe tena ni Yesu, seremala. Kwa ujuzi wa kazi yake, Petro ndiye aliyekuwa na haki. Alisema alivyokesha, hakuficha uchovu wake, kisha akazishusha. Tusisahau kwamba seremala huyo alikuwa ameingia nyumbani kwa Petro akamponya mkwewe homa, na asubuhi hiyo alikuwa ameketi katika chombo cha Petro akifundisha. Nyavu zilishuka kwa ajili ya mtu, sababu haikuwapo.

Na ukisema Mungu hajui uchungu wa kunyimwa jibu, nenda Gethsemane. Yesu aliomba mara tatu kikombe kimwondokee. Msalabani aliuliza kwa nini ameachwa. Injili zinatupa swali hilo, jibu hazitupi. Mwana mwenyewe aliuliza, hakujibiwa, akaiweka roho yake mikononi mwa yule yule aliyenyamaza. Kwa hiyo anayeuliza hajatoka katika imani. Anayetoka ni yule anayegoma, anayesema hatasali wala hatasamehe wala hatamlisha jirani mpaka kwanza ofisi ya mbinguni imletee maelezo.

Yule mama aliyefiwa alirudi kanisani Jumapili ya tatu. Alisimama nyuma, karibu na mlango. Wengine walipoimba midomo yake ilifungwa. Bibi alimshikia kitabu cha nyimbo wazi mbele yake, wala hakumsukuma. Baada ya ibada nilimsalimu, nikaona aibu kwa kuwa sikuwa na la kumwambia. Yeye ndiye aliyesema. "Sijamwelewa, baba," alisema. "Nimekuja tu. Sina kwingine." Kisha akauliza kama zamu za kufagia kanisa bado ni zile zile, kwa maana zamu yake ilikuwa Jumamosi. Jumamosi hiyo nilipita saa moja asubuhi. Kiwanja kilikuwa kimemwagiwa maji, na alama za ufagio zilikuwa mbichi kutoka langoni hadi mlangoni.