Bandikeni orodha ya mbolea ya ruzuku

Mkulima wa mahindi Trans Nzoia hupanda mvua za Machi na Aprili zinapoanza. Mbolea ikimfikia Mei, haina faida tena kwa kupandia. Ana haki ya kujua ni nani aliyepata kwa wakati, na mifuko mingapi.

Mpango wenyewe tunauunga mkono. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulivuka Sh6,000 madukani. Serikali iliushusha hadi Sh3,500 Septemba mwaka huo, kisha Sh2,500 mwaka 2023. Kwa mwenye ekari mbili, anayetaka mfuko wa kupandia na mwingine wa kukuzia katika kila ekari, hiyo ni nafuu kubwa. Ila tofauti ya bei hulipwa na mlipakodi, naye mlipakodi hajaonyeshwa hesabu.

Mwanya uko kwenye usajili. Mkulima hutaja ekari zake, huandikishwa mashinani kwa usaidizi wa machifu, kisha hupokea ujumbe kwenye simu unaomwambia mifuko anayoweza kununua. Anayelima ekari 4 akitaja 40 na asikaguliwe, atatengewa mbolea ya 40, na ziada haikosi mnunuzi. Afisa aliyeketi Nairobi hawezi kuugundua uongo huo kwenye kompyuta. Jirani wa Endebess au Kwanza anajua shamba la mwenzake linaishia wapi.

Kwa hivyo tunataka orodha ibandikwe katika kila ofisi ya chifu na kila ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB): jina, kijiji, ekari zilizotajwa, mifuko iliyochukuliwa na tarehe. Nambari za simu na vitambulisho zifichwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 isitumiwe kumkinga anayekula jasho la wengine.

Wenzetu wamefanya hivyo. Marekani, shirika la Environmental Working Group liliweka wazi malipo ya ruzuku ya kilimo kaunti kwa kaunti, na jina la mpokeaji likionekana. Hata hapa nyumbani, wazazi wamezoea kutafuta majina ya watoto wao kwenye orodha za basari zilizobandikwa ukutani.

Wala wasituambie kumbukumbu hazipo. Mwaka 2024, mbolea ghushi ilipopatikana katika maghala ya umma, serikali iliahidi kuwafidia walionunua. Ahadi hiyo haina maana kama wanunuzi hawajulikani. Wabunge walipiga kura ya kumtimua Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, kamati yao ikamwondolea lawama, na siasa zikaisha. Aliyepanda kwa mbolea ile hakurudishiwa msimu wake.

Serikali ya Kaunti ya Trans Nzoia nayo isijifiche nyuma ya Nairobi. Kilimo kimegatuliwa, na wawakilishi wa wadi zote 25 wanaweza kuitisha orodha hizo kwa niaba ya waliowachagua. Wakinyamaza, mkulima aiombe mwenyewe kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa haki hiyo.

Orodha ziwe ukutani kabla ya msimu ujao wa kupanda. Atakayekataa kuzibandika aulizwe anamlinda nani.