Shela lilikuwa jeupe, kwenye picha lina zambarau: nani alaumiwe?

Harusi Jumamosi, Jumatatu picha zimeshaingia WhatsApp. Zamani mteja alisubiri albamu, akatazama picha ya ukubwa wa kiganja, akaridhika. Leo bibi harusi wa Mbagala au Tegeta anaifungua kwenye simu, anaivuta kwa vidole viwili mpaka aone ukingo wa shela lake. Hapo ndipo maneno yanapoanza: "Hii zambarau imetoka wapi? Si nilivaa nyeupe?"

Kwa mpiga picha ambaye bado anadai nusu ya malipo yake, hilo si swali dogo.

Wapo wanaolaumu kamera, wapo wanaomlaumu mhariri. Chanzo ni lenzi. Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi, na kioo hupinda kila rangi kwa kiasi chake. Buluu na urujuani hupinda zaidi ya nyekundu. Rangi zisipokutana mahali pamoja, zile zilizotawanyika huonekana kama mstari ukingoni. Si ugonjwa mpya. Mwaka 1758 John Dollond wa Uingereza alipata hataza ya lenzi ya vioo viwili vya kupunguza kasoro hiyohiyo.

Mazingira yetu nayo yanachochea. Picha za ufukweni Kunduchi saa saba mchana, makuti ya mnazi yamekatiza anga jeupe. Mabati yanayowaka jua. Shela mbele ya kivuli. Halafu lenzi ni ile ya bei nafuu ya milimita 50, f/1.8, imefunguliwa mpaka mwisho ili mandhari ya nyuma yafifie vizuri. Zambarau inakuja yenyewe.

Kinachouma ni kwamba mgeni mwalikwa mwenye simu tu anaweza kuondoka na picha safi kuliko za aliyelipwa. Simu nayo ina kasoro hiyo, ila programu yake hurekebisha picha kabla hujaiona. Kamera inayopiga faili la RAW inamwachia mhariri kazi hiyo.

Na kazi yenyewe si kubwa. Kwenye Lightroom, ya simu au ya kompyuta, kuna kisanduku cha Remove Chromatic Aberration. Hicho kinashughulikia mistari ya rangi inayojitokeza pembezoni mwa picha. Zambarau nene ya kwenye shela inahitaji Defringe: kwenye kompyuta unabofya juu ya mstari, programu inaitambua rangi hiyo na kuifuta. Asiye na hela ya kulipia ana RawTherapee, ya kompyuta, bure kabisa. Snapseed haina kitufe maalumu. Unachukua brashi, unapunguza ukolezi wa rangi, unapita ukingoni taratibu. Inachosha, lakini inasaidia.

Kwa hiyo mteja ana haki ya kudai shela jeupe. Kugoma kulipa kazi nzima kwa sababu ya mstari unaofutika kwa dakika mbili, hapo anaonea.

Ila kuna mtego, na wanaohariri kwa haraka wananasa humo. Programu haijui sare. Kamati ikiwa imechagua zambarau (na mnajua jinsi rangi hiyo inavyopendwa kwenye send-off), ukisukuma Defringe mpaka mwisho kwa picha zote kwa mkupuo, mashangazi watabaki na magauni yenye pindo la kijivu. Hao nao wana simu, nao watavuta kwa vidole viwili. Tumia brashi, gusa shela peke yake, sare ziache.

Bora zaidi, anza wakati wa kupiga. Ifunge lenzi kutoka f/1.8 hadi f/4 na sehemu kubwa ya zambarau inapungua palepale. Nyuma hakutafifia sana kama ulivyotaka. Mistari ya pembezoni haitaondoka kwa njia hiyo. Hiyo isubiri kile kisanduku cha Lightroom.